Ugatuzi wa Mitandao ya Kijamii na Utafutaji wa Jumuiya Zenye Staha: Uchambuzi wa Usimamizi wa Seva za Mastodon na Lemmy

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mtumiaji wa mitandao ya kijamii anavyoweza kupata jumuiya zenye staha katika majukwaa yaliyogatuliwa, na sababu zinazozifanya baadhi ya jumuiya hizo zidumishe staha ilhali nyingine zinashindwa. Data zilipatikana kwa mbinu ya usomaji wa nyaraka zilizo wazi kwa umma: kanuni za seva, matangazo ya wasimamizi na maelezo ya kiufundi ya programu zinazohusika. Uchambuzi uliongozwa na nadharia ya Elinor Ostrom ya usimamizi wa rasilimali za pamoja. Makala inadai kwamba ugatuzi peke yake hauzalishi staha. Unachofanya ni kuurudisha uamuzi kuhusu matusi mikononi mwa watu walio karibu na jumuiya. Staha hupatikana pale tu ambapo watu hao wanaijua lugha ya jumuiya, wanasaidiana kazi na wanawajibika kwa wanajumuiya. Sehemu ya mwisho inaihusisha hoja hiyo na wazungumzaji wa Kiswahili, hususani katika suala la utani.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu matusi, vitisho na udhalilishaji katika mitandao ya kijamii imekuwa ikiegemea zaidi upande wa mtumiaji: malezi yake, elimu yake na maadili yake. Mtazamo huo una ukweli, lakini hautoshelezi. Mtu yuleyule anayetukana katika jukwaa moja anaweza kuwa mpole katika jukwaa jingine siku hiyohiyo. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza nani anatukana, mtafiti hana budi kuuliza mahali penyewe pamejengwaje, kanuni zake zimetungwa na nani, na anayezivunja hushughulikiwa na nani.

Maswali hayo yalipata uzito mpya tarehe 27 Oktoba 2022, Elon Musk alipokamilisha ununuzi wa Twitter. Katika wiki zilizofuata, watu wengi walihamia Mastodon, programu iliyoanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016. Kabla ya mwaka huo kwisha, watumiaji hai wa Mastodon kwa mwezi walikuwa wamevuka milioni 2. Wengi wao walieleza kwamba walikuwa wakitafuta mahali penye uhasama mdogo. Baadhi walipapata, wengine wakarudi walikotoka, na wengine wakakumbana na uhasama wa aina ambayo hawakuutarajia. Makala hii inaeleza kwa nini matokeo yalitofautiana kiasi hicho.

Katika makala hii, neno staha limetumika kwa maana ya hali ambayo wanajumuiya wanaweza kupingana, kukosoana na hata kukasirikiana bila mmoja kudhalilishwa, kutishwa au kushambuliwa na kundi. Staha kwa maana hii haimaanishi ukimya wala kukubaliana.

2.0 Muundo wa Majukwaa Yaliyogatuliwa

Katika jukwaa la kawaida kama Facebook au X, kampuni moja humiliki kompyuta zote, huandika kanuni zote na huwa na kauli ya mwisho kuhusu kila chapisho. Katika jukwaa lililogatuliwa, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuchukua programu iliyo huru, akaisimika katika seva yake na kuwakaribisha wengine. Seva hizo huwasiliana kwa itifaki ya pamoja. Itifaki inayotumiwa na Mastodon na Lemmy ni ActivityPub, iliyopitishwa rasmi na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018. Mfano ulio karibu ni barua pepe: aliyefungua anwani kwa kampuni moja humwandikia aliyeifungua kwingine bila kizuizi, na hakuna anayemiliki barua pepe zote duniani.

Muundo huu una ngazi tatu za uamuzi. Ngazi ya kwanza ni ya mtumiaji, ambaye anaweza kumnyamazisha mtu, kumzuia, au kuizuia seva nzima kwa upande wake mwenyewe. Ngazi ya pili ni ya msimamizi wa seva, ambaye anaweza kumwonya mwanajumuiya, kuigandisha akaunti yake, kuipunguzia uwezo wa kuonekana au kuifunga kabisa. Ngazi ya tatu ni ya uhusiano baina ya seva na seva: msimamizi anaweza kuipunguza sauti ya seva nyingine mbele ya wanajumuiya wake, au kukata uhusiano nayo kabisa.

Ngazi ya tatu haina mfano katika majukwaa ya kampuni moja, na ndiyo kiini cha makala hii. Inafanana na uhusiano wa nyumba na nyumba mtaani. Kila mwenye nyumba ana kanuni zake. Wageni wa jirani hukaribishwa barazani, lakini nyumba ambayo wageni wake huja kutukana hufungiwa mlango. Nyumba hiyo haibomolewi. Inaendelea kuwapo na wakazi wake huendelea kuzungumza wao kwa wao. Kinachoondoka ni haki ya kuingia kwa wengine bila kubisha hodi.

Vilevile, yapo maamuzi ya usanifu yanayopunguza mvutano. Katika Mastodon, machapisho ya unaowafuata huonekana kwa mpangilio wa muda, si kwa algoriti inayoyapandisha yale yanayoamsha hasira. Mwandishi anaweza kutanguliza onyo la maudhui ili msomaji aamue mwenyewe kufungua au kuacha. Kwa miaka mingi programu hiyo haikuwa na nyenzo ya kunukuu chapisho la mwingine, kwa sababu waasisi wake waliona kuwa nyenzo hiyo hutumika kumwanika mtu ili ashambuliwe. Ilipoongezwa mwaka 2025, iliambatana na uwezo wa mwandishi kuamua nani anaruhusiwa kumnukuu.

3.0 Kiunzi cha Nadharia

Ostrom (1990) alichunguza jamii zilizofaulu kutunza rasilimali za pamoja kwa vizazi vingi, zikiwamo malisho ya milimani huko Törbel, Uswisi, na mifereji ya umwagiliaji huko Valencia, Uhispania. Alipinga dhana kwamba rasilimali ya pamoja lazima imilikiwe na serikali au na mtu binafsi ili isiharibiwe. Alionesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kuitunza endapo kuna mihimili kadhaa: mipaka ya wanajumuiya inajulikana, kanuni zinalingana na mazingira, wanaoguswa na kanuni wanashiriki kuzitunga, kuna ufuatiliaji unaowajibika kwa wanajumuiya, adhabu hupanda kwa ngazi, migogoro hutatuliwa karibu na kwa gharama ndogo, mamlaka za juu huitambua haki ya jumuiya kujipanga, na jumuiya ndogo huungana katika muundo mkubwa zaidi.

Staha ya jumuiya ya mtandaoni ni rasilimali ya pamoja kwa maana hiyo. Kila mmoja hunufaika nayo, hakuna anayeimiliki peke yake, na wachache wanaweza kuiharibu kwa siku moja. Visa vinavyofuata vimesomwa kwa kuangalia ni mihimili ipi ilikuwapo na ipi ilikosekana.

4.0 Uchambuzi wa Visa Teule

4.1 Gab: mipaka ya pamoja

Julai 2019, Gab, mtandao uliojulikana kwa kuwahifadhi watu wa siasa kali za mrengo wa kulia nchini Marekani, ulihamia katika msimbo wa Mastodon. Kwa kuwa msimbo huo ni huru, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuwazuia kuutumia. Hata hivyo, wasimamizi wa seva nyingi walikata uhusiano na Gab, na baadhi ya watengenezaji wa programu za simu waliifungia isiweze kutumika humo. Gab ikawa kisiwa: ilikuwa ndani ya teknolojia ileile, lakini nje ya mazungumzo.

Kisa hiki kinathibitisha mambo mawili. Kwanza, ugatuzi hauchagui upande. Teknolojia inayomhudumia mwenye staha humhudumia pia asiye nayo. Pili, ulinzi haukutokana na amri ya kituo kimoja bali na maamuzi mengi madogo ya watu waliokuwa karibu na jumuiya zao. Mwaka huohuo, mradi wa Mastodon ulikuwa umeweka masharti kwa seva zinazotaka kutajwa katika orodha yake rasmi: kusimamia kikamilifu dhidi ya ubaguzi wa rangi, wa jinsia na chuki dhidi ya watu wa jinsi na mielekeo tofauti, kunakili data kila siku, kuwa na angalau mtu mmoja zaidi mwenye uwezo wa kuifikia seva wakati wa dharura, na kutoa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kuifunga.

4.2 Beehaw: ukubwa unaolingana na nguvu

Beehaw ni jumuiya inayotumia Lemmy, programu ya mijadala inayofanana na Reddit. Anayetaka kujiunga hutakiwa kuandika maombi, na kanuni yake kuu ni moja tu: kuwatendea wengine kwa wema. Juni 2023, Reddit ilipokabiliwa na migomo kutokana na tozo mpya kwa watengenezaji wa programu za nje, maelfu ya watu walihamia Lemmy kwa siku chache. Beehaw ilikata uhusiano na seva mbili kubwa zilizokuwa zikisajili watu bila mchujo. Wasimamizi walieleza kwamba nyenzo za usimamizi zilikuwa haba na kwamba hawakuwa na watu wa kutosha kukabiliana na wingi huo.

Uamuzi huo ulilaumiwa na wengi waliouona kama kujitenga. Kwa kuusoma kwa mhimili wa mipaka, unaeleweka kwa namna nyingine. Waliofungiwa wengi wao hawakuwa wabaya. Waswahili husema penye wengi pana mengi, na uwezo wa wasimamizi haukuongezeka kwa kasi ya wageni. Jumuiya ilichagua kupoteza wingi ili isipoteze tabia yake. Gharama yake ilikuwa halisi: wanajumuiya walikatwa na mijadala waliyoipenda.

4.3 mastodon.lol: mzigo wa mtu mmoja

Seva ya mastodon.lol ilijinadi kuwa rafiki kwa makundi ya watu wanaoshambuliwa kwingine, na ilikua kwa kasi mwishoni mwa 2022. Februari 2023, kufuatia mzozo uliohusu mchezo mmoja wa kompyuta, msimamizi wake alitangaza kwamba ataifunga kwa sababu amechoshwa na uhasama uliokuwa ukielekezwa kwake. Alitoa notisi ya miezi mitatu na seva ikafungwa Mei mwaka huo. Mwanajumuiya wa Mastodon anayehama huwahamisha wafuasi wake, lakini machapisho yake ya zamani hubaki alikotoka. Seva ikifungwa, hupotea nayo.

Hapa nia njema ilikuwapo, kanuni zilikuwapo, lakini mtu mmoja alibeba ulinzi, ufuatiliaji, usuluhishi na lawama. Mhimili wa ushiriki ulikosekana. Kinyume chake ni social.coop, iliyoanzishwa mwaka 2017 kama ushirika. Wanachama wake huchangia gharama kwa kadiri ya uwezo wao, hupiga kura kuhusu kanuni na huwa na kikosi cha wanachama kinachopokea malalamiko. Mashauriano yake huwa marefu na maamuzi huchelewa, lakini kuchoka kwa mtu mmoja hakuwezi kuwaacha wote bila makazi.

5.0 Mipaka ya Ugatuzi

Itakuwa kosa kuyaeleza majukwaa haya kama kimbilio lisilo na dosari. Mwaka 2022 mwanafalsafa Johnathan Flowers alibainisha kwamba desturi za Mastodon zilijengwa kwa kiasi kikubwa na watumiaji weupe, na kwamba onyo la maudhui, nyenzo iliyokusudiwa kuwa ya huruma, ilitumiwa kuwataka watu weusi wafiche maelezo ya ubaguzi wanaotendewa. Hoja hiyo ni nzito kwa mada hii. Jumuiya inaweza kuwa tulivu kwa sababu walioumizwa wamenyamazishwa. Utulivu wa namna hiyo hauwezi kuitwa staha kwa fasili iliyotolewa katika sehemu ya kwanza.

Aidha, Julai 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti kuwapo kwa picha za unyanyasaji wa watoto katika baadhi ya seva, na kwamba wasimamizi wa kujitolea walikosa nyenzo za kuzigundua ambazo kampuni kubwa huwa nazo. Msimamizi aliye karibu huijua jumuiya yake vizuri, lakini ukaribu haumpi maabara, wanasheria wala usingizi wa kutosha.

Majukwaa mengine yamejaribu njia tofauti. Bluesky, iliyofunguliwa kwa umma Februari 2024, imetenganisha makazi ya data na usimamizi wa maudhui: mtumiaji anaweza kujiunga na huduma za kuweka lebo zinazoendeshwa na watu mbalimbali, huku kampuni ikiendelea kusimamia kanuni za msingi. Njia hiyo humpunguzia mtumiaji adha ya kuchagua seva, lakini inalibakiza jukumu kubwa mikononi mwa kampuni moja.

6.0 Namna ya Kuichagua Jumuiya

Kutokana na uchambuzi huu, anayetafuta jumuiya yenye staha anashauriwa kuanza na nyaraka za seva kabla ya kutazama idadi ya watu wake. Ukurasa wa maelezo wa seva ya Mastodon huonesha kanuni na, msimamizi akiruhusu, orodha ya seva zilizofungiwa pamoja na sababu zake. Orodha yenye sababu ni ushahidi kwamba kuna mtu anayefuatilia. Kanuni zinazotaja matendo mahususi huaminika zaidi kuliko zinazosema tu kwamba watu waheshimiane.

Pili, aangalie kuna wasimamizi wangapi na seva inagharimiwa na nani. Tatu, achunguze namna ya kusajili: mchujo mdogo, kama maombi ya sentensi mbili, huwachuja wengi wanaokuja kuharibu. Nne, asome kwa siku kadhaa mkondo wa machapisho ya seva husika, hasa siku yenye ugomvi, kwa kuwa tabia ya jumuiya hujulikana wakati wa ugomvi. Tano, atazame iwapo anayeadhibiwa huelezwa kosa lake na huweza kukata rufaa. Mwisho, akumbuke kwamba kuhama kunawezekana. Hirschman (1970) alieleza kwamba mwanachama asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kupaza sauti. Ugatuzi hupunguza gharama ya kuondoka, na kwa hiyo huipa nguvu sauti ya anayebaki.

7.0 Kiswahili, Utani na Swali la Nani Anaamua

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, suala hili ni zaidi ya udadisi wa kiteknolojia. Julai 2022, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliwasilisha kwa majaribio matangazo yenye kauli za chuki kwa Kiswahili na Kiingereza. Mfumo wa Facebook uliyaidhinisha, na mashirika hayo yakayaondoa kabla hayajachapishwa. Mwaka huohuo, aliyekuwa msimamizi wa maudhui, Daniel Motaung, alifungua kesi jijini Nairobi dhidi ya Meta na kampuni ya Sama kuhusu mazingira ya kazi hiyo. Visa hivyo viwili vinaonesha pande mbili za tatizo moja: kauli hatari hupita, na wanaopewa kazi ya kuzizuia huumia.

Upo pia upande wa tatu, ambao haujapewa uzito wa kutosha. Katika jamii nyingi za Tanzania, mtani anaruhusiwa kusema asichoruhusiwa mwingine. Anaweza kumwita mtani wake mtumwa, na msibani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Waliofiwa hucheka katikati ya kilio. Mashabiki wa Simba na Yanga hujiita watani wa jadi na huzungumza kwa maneno ambayo, yakitolewa nje ya uhusiano huo, ni matusi matupu. Maana ya kauli hizi haimo ndani ya maneno bali katika uhusiano wa wasemaji. Msimamizi aliye mbali, awe mtu au mashine, hana njia ya kuuona uhusiano huo. Anaweza kuufuta utani wa kweli na kuliacha tusi lililovishwa maneno ya adabu.

Kinyume chake, anayedhalilisha pia hujikinga kwa kusema kwamba alikuwa anatania. Anayeweza kumjibu ni mtu anayejua kwamba utani una masharti: ni wa pande mbili, una mipaka inayofahamika, na hauelekezwi kwa asiye mtani. Ujuzi huo ni wa jumuiya. Hapo ndipo hoja ya Ostrom ya kanuni zinazolingana na mazingira inapata maana kamili katika Kiswahili.

Seva ya wazungumzaji wa Kiswahili inayotaka staha ingehitaji, kwa uchache, wasimamizi kadhaa wanaotoka katika lahaja na nchi tofauti, kanuni inayoutaja utani na masharti yake kwa uwazi, adhabu zinazopanda kwa ngazi, na utaratibu wa wanajumuiya kuchangia gharama. Ingehitaji pia kuzingatia mhimili wa saba wa Ostrom. Msimamizi aliyeko Tanzania hana budi kuzisoma Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 kabla ya kuwakaribisha wengine, kwa kuwa jumuiya isiyotambulika kisheria inaweza kufungwa hata kama ndani yake hakuna ugomvi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba staha katika majukwaa yaliyogatuliwa haitokani na teknolojia yenyewe. Gab ilitumia teknolojia hiyo ikabaki ilivyo, mastodon.lol ilikuwa na nia njema ikafungwa. Beehaw na social.coop zimedumisha tabia zao kwa kulipa gharama zinazoonekana. Tofauti iko katika ukaribu wa anayeamua, mgawanyo wa mzigo wake na uwajibikaji wake kwa wanaoguswa na uamuzi.

Kwa msingi huo, tafiti zijazo kuhusu lugha ya chuki katika Kiswahili zisiishie kukusanya maneno yanayopaswa kufutwa. Orodha ya maneno haiwezi kumtambua mtani. Inapendekezwa kwamba watafiti wachunguze jinsi vikundi vya WhatsApp vya koo, mitaa na vikoba vinavyosuluhisha ugomvi, nani husikilizwa humo na kwa nini. Huenda kanuni tunazozitafuta kwa ajili ya seva tayari zinatumika humo kila siku, bila kuandikwa.